Nyumba ya Mwenye Eda

Kamati ya maafa ya mtaa wetu ilizaliwa kwenye baraza ya kahawa, na mimi niliingia humo kwa ubishi tu. Masika yaliyotangulia yalikuwa yamejaza maji upande wa chini wa Mtopanga, huku Kisauni, mpaka watu wakapika juu ya vitanda, na sasa redio ilikuwa ikitangaza kwamba mvua zinazokuja zitakuwa mbaya zaidi. Wanaume wakakaa, wakanywa kahawa, wakachagua mwenyekiti, mwalimu mmoja aliyestaafu. Mimi nilikuwa napita natoka kazini. Nikasimama nikauliza kama maji huingia nyumba za wanaume peke yake. Wakacheka, wakaniambia basi niingie na mimi. Ndivyo nilivyo. Mdomo wangu umenitia kwenye mambo mengi ambayo miguu yangu haikuyapenda.

Sitaki kuidharau kazi tuliyofanya. Tulizibua mtaro mkubwa unaopita nyuma ya msikiti, tukatoa humo magodoro, nepi, na mlango mzima wa friji. Tulikubaliana kwamba hatari itatangazwa kwa kipaza sauti cha msikiti, na kwamba watu watakimbilia shule iliyo juu, karibu na barabara. Kila nyumba iliambiwa iweke tayari mkoba wenye vyeti, dawa, tochi, maji ya kunywa na nguo za kubadili. Jirani yangu mmoja alitia mkobani leso zake za harusi ambazo hazijaguswa, na nilipomuuliza akanijibu kwamba kama ni kuhama basi na tuhame tukipendeza. Mzee mmoja alitia birika lake la kahawa na kashata. Tulitaniana sana siku hizo. Mvua ilikuwa bado mbali, na jua lilikuwa linachoma.

Jumamosi tulikuwa tunafanya mazoezi. Wanaume waligawana vichochoro, wakapita mlango kwa mlango wakipiga hodi. Walioitika walisaidiwa kutoka na kupelekwa shuleni, wagonjwa na wazee wakabebwa kwenye viti. Nyumba isiyoitika ilihesabiwa kuwa haina mtu. Kwetu hodi hupigwa mara tatu, na asiyeitikiwa hurudi alikotoka. Hilo hatukufundishwa na kamati. Tulifundishwa na mama zetu tulipokuwa tunatumwa chumvi kwa jirani. Mwanamume anayesukuma mlango baada ya hodi ya tatu ana nia mbaya, na mtaa mzima utamjua kwa jina hilo mpaka afe.

Niliuliza kikaoni, itakuwaje kama mtu amelala, au hasikii vizuri.

"Kwani mtu atalala maji yakimwingilia kitandani?" mwenyekiti akasema, na watu wakacheka tena. Sikucheka.

Baba yangu alifariki katikati ya mazoezi hayo. Alikuwa ameugua muda mrefu, kwa hiyo hatukushtuka, ingawa tulilia. Fundi seremala wa kichochoro chetu alikata viunza, zile mbao za kumfunikia maiti kaburini, na alipoulizwa ujira wake akakasirika. Namtaja hapa kwa sababu ni mtu mwema, na nataka ijulikane tangu mwanzo kwamba ni mtu mwema. Ndugu yangu wa kiume, ambaye yuko Uarabuni kwa kazi, alilia kwenye simu na hakuweza kuja. Mama akaingia eda.

Miezi minne na siku kumi mjane hukaa katika nyumba aliyofiwa na mumewe. Hajipambi, hatii manukato, hatoki ila kwa jambo lisiloepukika. Hayo anayajua kila mtu. Lakini mama alikuwa na eda yake zaidi ya hiyo. Alilelewa na bibi yake, na bibi alimwachia eda kama alivyomwachia mapishi, pamoja na mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote. Mwanamume asiye maharimu wake, yaani asiye ndugu wa karibu, hakupaswa kumwona, na sauti yake pia asiisikie. Muuza maziwa alipobisha, mama alinyamaza kimya mpaka mtoto wa jirani aje amwitikie. Mimi nilihamia kwake nilale naye, lakini asubuhi niliondoka. Nafua mashuka katika hospitali moja upande wa Port Reitz, na kutoka Kisauni mpaka huko ni kuvuka daraja, kukata kisiwa chote, kisha kuvuka tena Makupa. Mchana mama alikuwa peke yake.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo, ya miti iliyokandikwa, mbele imepigwa plasta na baba ili ionekane ya mawe. Ilikuwa upande wa chini kabisa, karibu na mtaro. Masika yaliyopita maji yalifika ukingo wa baraza yakarudi, na baba alijisifu sana kwa baraza lake.

Nilipeleka jambo la mama kwenye kamati. Nikasema kuna wajane wawili mtaani na mzazi mmoja aliyejifungua juzi, bado yu arubainini, na hao hawataitikia hodi ya mwanamume, sasa tutafanyaje. Wakajadiliana kwa heshima nyingi. Uamuzi ukawa kwamba nyumba hizo ziachiwe wanawake wa kamati. Wanawake wa kamati tulikuwa wawili, mimi na mama mmoja wa kutoka bara anayeuza mboga.

"Na sisi tusipokuwepo?" nikauliza.

Fundi seremala akanitazama kwa huruma. "Dada, mimi nivunde mlango wa mke wa marehemu aliye edani? Watu watanambiaje?"

"Watakwambia umemtoa hai."

"Haya, tusifike huko," mwenyekiti akasema, na akafunga kikao kwa dua.

Niliondoka pale nikiwa nimewaka. Nilikuwa na hasira nao wote, na zaidi na mama, kwa sababu nilijua kwamba hata mlango ukivunjwa yeye angejifunika shuka gubigubi na kukataa kunyanyuliwa. Nikaenda kwa maalim wetu. Maalim ni mtu mwepesi, hana makuu. Akaja nyumbani siku ile ile, akakaa ukumbini, mama yu nyuma ya pazia la chumba.

"Mwambie mamako," maalim akasema kwa sauti ya kutosha nyumba tatu, "kukiwa na hatari ya roho, eda haimfungi. Atoke. Na akiitwa na yeyote, aitike. Sauti yake haina dhambi."

Mama akaninong'oneza nyuma ya pazia: "Mwambie maalim nimesikia. Mngu amlipe kheri."

Nikamwambia maalim amesikia. Maalim akacheka kidogo, akaaga. Alipotoka tu nikamgeukia mama.

"Umesikia kweli?"

"Nimesikia. Maji yakija n'tatoka. Lakini mpaka yaje."

"Na nani atakutoa?"

"Wewe."

"Mimi niko kazini, mama."

"Basi siku ya mvua kubwa usende."

Nikampa filimbi. Kamati ilikuwa imegawa filimbi kila nyumba, atakayekwama apulize watu wajue yuko wapi. Mama aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza, akacheka mpaka akafuta macho. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu tumzike baba.

"Mjane apulize filimbi, kama refa?" akasema. Akaitia ndani ya foronya ya mto wake, na sikuiona tena.

Kisha mvua ikaanza, na ilinyesha wiki baada ya wiki. Siku ya mvua kubwa usende, alisema mama, lakini kila siku ilikuwa kubwa, na mwajiri hajui hayo. Nilikuwa naamka naangalia mtaro, naona maji yako chini ya ukingo, naondoka. Jioni narudi nimelowa, namkuta mama anasoma Kur'ani yake, moyo unatulia. Mtu huzoea hatari kama anavyozoea kelele za barabara. Mazoezi ya Jumamosi yakakoma kwa sababu ya matope.

Asubuhi ya siku yenyewe ilikuwa kama nyingine. Mama ndiye aliyenihimiza nisichelewe.

Kabla ya adhuhuri alinipigia simu. Maji yametoka kwenye choo, akasema, yanakuja juu badala ya kwenda chini. Sauti yake haikuwa na wasiwasi. Nikamwambia avae buibui, achukue mkoba, nikakata nikampigia mwenzangu muuza mboga. Alikuwa ng'ambo ya mtaro na watoto wake wawili, mmoja mgongoni. Mtaro ulikuwa umefurika mpaka huwezi kujua ulipoanzia.

"Siwezi kuvuka," alisema, na alikuwa analia. "Nimejaribu, dada. Maji yananibeba."

Nikampigia mwenyekiti, simu ikaita mpaka ikachoka. Nikatoka kazini bila kuaga vizuri, nikasimama kituoni pamoja na watu wengine chini ya bati, tukingoja gari ambalo haliji. Barabara ya kwenda Changamwe ilikuwa na msururu uliokufa. Nikampigia mama tena.

"Yameingia chumbani," akasema. "Niko juu ya kitanda. Nimevaa."

"Kipaza sauti cha msikiti hukukisikia?"

"Nimekisikia. Wasema tutoke."

"Basi toka, mama."

"Hivyo, peke yangu, wanaume wamejaa njiani? Wewe waja, sivyo?"

Ndipo nikasikia hodi. Niliisikia kwenye simu, nyuma ya kelele za mvua juu ya mabati, na niliitambua sauti. Fundi seremala. Nyumba yetu haikuwa ya wanaume, kamati ilishaamua hivyo, na bado alikuja. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilidhani mambo yamekwisha.

"Kuna mtu yuwapiga hodi," mama akasema, ameshusha sauti.

"Ni fundi. Muitike."

"Nimuitike vipi, nami ni mwenye eda?"

"Maalim alikwambia uitike. Mama, itika. Sema karibu tu. Sema nimo."

Hodi ya pili ikaja, ndefu kuliko ya kwanza. Nilianza kupiga kelele. Watu wa kituoni waligeuka, mwanamke mmoja akanishika mkono akidhani nimepokea habari za msiba. Nilimwambia mama afungue mlango, nilimwambia apige ukuta, agonge kitanda, afanye lolote. Nikalitaja jina la baba. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake. Hodi ya tatu ikapigwa, nami bado napiga kelele.

"Polepole, mwanangu," alisema mama. "Atatusikia."

Nilifunga mdomo, nikakaza sikio. Nilikuwa namngoja mama, na mama alikuwa anangoja mtu aondoke. Mvua tu ndiyo iliyokuwa inasikika.

"Amekwenda," akasema mwishowe, kama mtu aliyeepushwa na aibu. "N'takungoja wewe."

Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena.

Nilitembea kutoka Port Reitz mpaka Changamwe, nikapata tuktuk iliyonifikisha Makupa, nikatembea tena. Mahali pengine nilibebwa na lori la mchanga. Sikumbuki kila kitu, na sioni faida ya kukumbuka. Nakumbuka kwamba njia nzima nilikuwa namgombeza mama kichwani, nikipanga nitakavyomgombeza nikifika, na hasira ile ilinisaidia kutembea.

Nilifika alasiri. Nilikwenda kwanza shuleni, nikapita darasa moja mpaka jingine. Kazi yetu ilikuwa imefaa, lazima niseme hivyo. Watu walikuwa wamejaa, wazee wamelazwa juu ya madawati, yule jirani yangu kajifunga leso yake ya harusi na anagawa chai. Walikuwa wameokoka upande mzima wa chini. Nilimwona mwenyekiti, amelowa, sauti imemkauka, nikamuuliza mama yuko wapi.

Akanitazama kama aliyeulizwa jambo geni. "Nyumba ile si ilikuwa yenu nyinyi wanawake?"

Maji yalikuwa yanapungua nilipoingia kichochoroni kwetu, yakinifika mapajani. Ukuta wa mbele ulikuwa umesimama na plasta ya baba, na mlango umefungwa kama nilivyouacha asubuhi. Nikadhani kumepona. Nilipozunguka nyuma nikaona kwamba ukuta wa chumbani haupo. Udongo ulikuwa umelainika chini, na ukuta wote, miti na udongo wake, ulikuwa umeangukia ndani, juu ya kitanda.

Wanawake walinisaidia kumtoa, na wanaume walipokuja kusaidia hakuna aliyewazuia. Alikuwa amevaa buibui lake na ukaya wa kichwani, kajifunga vizuri, mkoba ameukumbatia kifuani. Alikuwa tayari kutoka. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia twende ambaye yeye angeweza kumjibu.

Tulimzika kesho yake karibu na baba, kaburi likichotwa maji kwa ndoo huku likichimbwa. Eda yake ilikuwa imebaki kidogo kumalizika. Mtu mmoja msibani akanifariji kwamba amekufa katika utiifu. Nilimwambia anyamaze, na watu wakasema ni majonzi. Ilikuwa hasira, nami sikuomba radhi.

Hitima ikapita, jua likarudi, watu wakaanika magodoro. Nilikuwa sijazungumza na fundi seremala. Msibani alikuwa anakaa mwisho kabisa, akiniona ananyanyuka. Nikajua kwamba anaogopa, na kuogopa kwake kukanipa ukali zaidi. Nikaandaa maneno yangu. Nilitaka kumuuliza alisoma wapi kwamba hodi ya nne ni haramu. Nilitaka kumuuliza kama heshima yake imebaki safi. Nilikuwa nayarudia kazini huku nakamua mashuka, nikiyanoa, mpaka yakawa mafupi na mabaya kabisa.

Nikamwendea karakanani kwake. Alikuwa anapiga randa ubao wa dawati la shule. Aliponiona hakukimbia safari hii. Aliniambia nikae, nikakataa.

"Nilikuja, dada," akaanza yeye, kabla sijafungua mdomo. "Kamati ilisema tusende, nami nikaja. Nilipiga hodi."

"Najua."

"Sikuitikiwa. Wallahi sikuridhika kuondoka hivi hivi. Nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nizaliwe, nikatega sikio mlangoni kwa watu." Alikuwa haniangalii, anaangalia ubao. "Nikamsikia mamako azungumza. Kwa sauti ndogo, kama mtu aliye na mwenzake kando. Nikamsikia asema, mwanangu."

Nilisimama pale na maneno yangu yote.

"Nikajua uko naye," akasema. "Nikamshukuru Mngu. Nikasema, bintiye yumo ndani, hawa hawana shida, watatoka pamoja. Nikenda kwa yule mzee asiyeweza kutembea. Sasa nataka nikuulize, na usikasirike. Ilikuwaje wewe ukatoka na yeye akabaki?"

Nilitamani sana kumchukia, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo muda mrefu. Nikakaa kwenye lile benchi nililolikataa.

"Sikuwa naye," nikamwambia. "Nilikuwa Port Reitz. Ilikuwa simu."

Akaweka randa chini. Muda wote niliokaa pale hakuishika tena.